Filamu ya mgomo uliokwisha: Borinage na ukweli wa kuigizwa

Dalali wa mahakama anabisha hodi, askari wako nyuma yake. Amekuja kutoa samani za mchimba makaa ya mawe anayedaiwa. Lakini majirani wamemuwahi. Wameijaza nyumba, wamekaa kila palipo na pa kukaa: viti vyote vina watu, meza ina watu, kitanda kina watu. Hakuna anayerusha jiwe. Wamekaa tu, kama waliokuja matangani. Dalali ana karatasi inayomruhusu kubeba kiti. Haisemi neno juu ya kumbeba aliyekikalia. Anangoja, anatazama huku na huku, mwisho anaondoka mikono mitupu.

Tukio hilo limo katika *Misère au Borinage*, yaani "Dhiki ya Borinage", filamu isiyo na sauti, yenye urefu wa zaidi kidogo ya nusu saa, iliyopigwa mwaka 1933 kusini mwa Ubelgiji na Henri Storck, Mbelgiji, pamoja na Joris Ivens, Mholanzi. Ni mojawapo ya filamu za kisiasa zinazotajwa mara nyingi kila panapozungumzwa habari za wachimba migodi na kamera. Na tukio la dalali ni la kuigiza. Watu walipangwa, kamera ikasimamishwa, wakafanya mbele yake jambo ambalo mtaa ule ulikuwa umeshalifanya bila kamera.

Fundo ninalotaka kulifungua liko hapo. Kwa Kiswahili wengi wetu tunaziita filamu za aina hii "filamu za hali halisi", na jina hilo ni ahadi. Ukilisikia, unatarajia kwamba ulichoonyeshwa kilitokea chenyewe, na kwamba mpiga picha alikuwa pembeni akikinasa tu. Sasa mtu akigundua kwamba mgomo unaohusika ulikuwa umekwisha mwaka mzima kabla kamera haijafika, kwamba matukio kadhaa yaliigizwa, na kwamba watengenezaji walikuwa na msimamo wao wa kisiasa tangu siku ya kwanza, anaweza kuona ametapeliwa. Mimi nasema hakutapeliwa. Ila ili nieleweke, itabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye mashimo yenyewe.

Borinage ni eneo dogo lenye vijiji na miji iliyoshikana, upande wa magharibi na kusini wa mji wa Mons, katika mkoa wa Hainaut, karibu na mpaka wa Ufaransa. Wasmes, Cuesmes, Frameries, Quaregnon, Pâturages: ukitoka mmoja umeshaingia mwingine. Makaa ya mawe yalichimbwa huko kwa karne nyingi. Vincent van Gogh aliishi huko kati ya mwaka 1878 na 1880 akiwahubiria wachimbaji, kabla hajawa mchoraji wa kujulikana, na ni huko huko alikoamua kushika kazi ya kuchora. Ardhi yenyewe ilikuwa ngumu kwa mchimbaji. Tabaka za makaa zilikuwa nyembamba, zimejikunja, ziko chini sana, na zimejaa gesi ya methani inayolipuka. Kuyatoa makaa hayo kuligharimu fedha nyingi kuliko kuyatoa mengine yaliyokuwa yakiuzwa Ulaya wakati huo.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipoifikia Ubelgiji, bei ya makaa ikaporomoka na makampuni yakakimbilia mahali pepesi kuliko pote, yaani mishahara. Yakapunguza, yakapunguza tena, yakarudia. Viongozi wa chama kikubwa cha wachimbaji, waliokuwa karibu na chama cha kisoshalisti, walikaa mezani na waajiri na kukubali makato hayo kwa matumaini ya kuzuia mabaya zaidi. Wanachama wao hawakuwa na subira hiyo. Mwezi Juni mwaka 1932 mgomo ukaanza Borinage bila kuwangoja viongozi, na Julai ukasambaa kwenye maeneo mengine ya makaa ya kusini mwa Ubelgiji, pamoja na Charleroi. Serikali ikapeleka askari wa jandarma, yaani polisi wa kijeshi. Karibu na Charleroi mfanyakazi mmoja akapigwa risasi na kufa. Wakomunisti, waliokuwa kikundi kidogo, wakajikuta wanasikilizwa na watu ambao zamani wasingewapa nafasi. Ilipofika Septemba mgomo ukawa umekwisha, na walichopata wachimbaji kilikuwa kidogo mno ukilinganisha na majira yote ya joto waliyokaa bila ujira.

Magazeti yakahamia kwenye habari nyingine. Filamu ya Storck na Ivens inaanzia pale magazeti yalipoachia, na kwangu huo ndio uamuzi wao mkubwa kuliko yote, mkubwa hata kuliko suala la kuigiza. Mgomo unapiga picha nzuri. Una umati, mabango, farasi wa askari, ngumi hewani. Mwaka mmoja baadaye hakuna umati. Kuna baba aliyekaa jikoni saa nne asubuhi kwa sababu hana pa kwenda, na watoto wanaolala wengi kitanda kimoja.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kugoma. Tuangalie basi ilivyofanya kazi, maana bila kuielewa, picha za filamu zitaonekana kama picha za umaskini wa kawaida, na umaskini ule haukuwa wa kawaida. Wachimbaji waliotambuliwa kuwa walikuwa mstari wa mbele hawakurudishwa kazini. Mgodi ukimkataa mtu, mgodi wa jirani nao ulikuwa na jina lake. Orodha nyeusi haikuhitaji kubandikwa ukutani ili ifanye kazi. Na katika vijiji vile hakukuwa na ajira nyingine ya maana. Familia nyingi ziliishi katika nyumba za kampuni, zilizojengwa safu kwa safu kando ya mashimo, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwenzake. Mwajiri ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo aliyepoteza kazi alikuwa amepoteza paa pia, ila paa lilichukua miezi kuondoka: kwanza kodi inalimbikizwa, kisha inakuja barua, kisha dalali, kisha godoro liko barabarani.

Filamu inaonyesha nyumba za kampuni zikiwa tupu, madirisha yamefungwa, huku familia zilizotolewa humo zimebanana kwingine. Hakuna aliyekuja kupanga nyumba hizo. Hazikuwa zimetakiwa kwa matumizi mengine. Ziliachwa wazi tu. Storck na Ivens wanaziweka picha hizo mbili jirani na kuacha jicho la mtazamaji lifanye hesabu.

Kuna jambo jingine lililonikaa rohoni. Mchimba makaa hana makaa. Katika baridi ya Ubelgiji, wanawake, wanaume na watoto wanapanda vilima vya kifusi cha mgodi alfajiri na magunia, wanachambua mawe kwa mikono kutafuta vipande vilivyopita machoni pa wapanguaji. Watu wa Geita wana neno lao, magwangala, kwa mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu ambayo watu huyagombania kwa matumaini ya chembe iliyobaki. Kwa hiyo msomaji wa Kanda ya Ziwa hatahitaji maelezo marefu. Vilima vya Borinage vilikuwa mali ya kampuni pia. Aliyekuwa amelichimba jiwe lile lile chini ya ardhi, akilipwa, sasa alilifuata juu ya ardhi kama mwizi.

Wazo la kutengeneza filamu halikutoka kwa wachimbaji. Lilitoka Brussels, kwenye klabu ya wapenzi wa sinema iliyoitwa Club de l'Écran, na hasa kwa katibu wake, André Thirifays. Daktari mmoja, Paul Hennebert, alikuwa ameandika kijitabu kuhusu njaa aliyoiona kwa familia za wachimbaji wa mgodi wa Levant de Mons, na maelezo yake yaliwashtua watu wa mjini waliokuwa wakiishi saa moja tu ya treni kutoka huko. Wakili Jean Fonteyne, aliyefahamika kwa wafanyakazi, akawafungulia milango. Fedha zilikuwa za kuchangishana. Storck, kijana wa miaka 26 kutoka mji wa pwani wa Ostend, akamwita Ivens aje washirikiane.

Ivens wakati huo alikuwa na jina tayari, na jina hilo lilitokana na uzuri. Mwaka 1928 alikuwa amepiga filamu ya daraja la reli la Rotterdam kana kwamba chuma ni kiumbe chenye pumzi. Mwaka 1929 akatoa nyingine kuhusu mvua ya Amsterdam: matone juu ya mfereji, miavuli, vioo vya tramu vilivyolowa. Ukiitazama leo bado inapendeza. Mwaka 1932 alikwenda Umoja wa Kisovieti kupiga filamu ya vijana wanaojenga tanuri za chuma Magnitogorsk. Alikuja Borinage akiwa na mkono wa msanii na moyo wa mkomunisti, na Borinage ikamlazimu apunguze kazi ya mkono.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kisa kidogo kinachoeleza hali hiyo kuliko nadharia yoyote. Walikuwa wakipiga picha ndani ya makazi ya wachimbaji. Juu ya meza kulikuwa na matambara na vyombo vichafu. Mwanga ukaingia, na kivuli cha dirisha kikaanguka juu ya vitu vile kwa mistari safi, iliyonyooka. Mpiga picha yeyote angefurahi. Wao wakaona kivuli kile kinaupamba uchafu, kinaufanya uvumilike kwa macho, wakazivunja kingo zake ili usafi ule wa mistari upotee. Ndiyo maana picha nyingi za filamu hii ni za mbele moja kwa moja, hazina pembe za ajabu wala mwanga wa kubembeleza. Ukizitazama haraka utadhani ni za mtu asiyejua kazi. Ni za watu wawili waliokuwa wakiijua vizuri na wakaamua kuiweka kando.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu mjadala wa ukweli katika filamu huishia mara nyingi kwenye swali la kuigiza, ilhali mwanga na pembe vinaweza kudanganya kuliko maigizo. Picha ya mtoto mwenye njaa iliyopigwa kwa mwanga wa jioni wa dhahabu ni ya kweli kwa maana kwamba mtoto alikuwepo na njaa ilikuwepo. Lakini mtazamaji anaondoka na hisia tamu.

Sasa kuigiza. Mazingira ya kazi yenyewe hayakuacha nafasi ya kungoja matukio yajitokeze. Polisi walikuwa wanajua kuna watu wanapita na kamera. Watengenezaji walifanya kazi kwa kujificha, wakihamahama, na wachimbaji ndio waliowapa pa kulala, wakawahamishia vifaa na kuwapa taarifa za hatari. Dalali wa kweli asingekubali kupigwa picha akishindwa. Na majirani wasingeweza kuahirisha kumtetea mwenzao mpaka kamera ifike. Kilichobaki kilikuwa kuwaomba watu warudie walichokifanya.

Hebu tupime. Nani anaigiza? Mtu anayeishi kwenye nyumba kama ile, aliyewahi kukalia kiti cha jirani kukiokoa, au ambaye kiti chake kiliwahi kuokolewa. Anaigiza nini? Njia ambayo mtaa wake uliibuni na kuitumia. Anaigizia wapi? Kijijini kwake, kwa waajiri na askari wale wale ambao kesho anaweza kukutana nao. Mashahidi mahakamani hufanya jambo la jamaa hiyo: hakimu hakuwapo siku ya tukio, kwa hiyo shahidi anaombwa aonyeshe alisimama wapi na mkono ulikuwa wapi. Hatumwiti mwongo kwa kuinua mkono mara ya pili. Tungemwita mwongo kama angeinua mkono ambao siku ile haukuinuka.

Mpaka wenyewe basi ni huo, na ni mpaka unaoweza kuvukwa. Filamu ingeonyesha, kwa mfano, wachimbaji wakiushinda mgomo wa 1932, ingekuwa imedanganya hata kama kila mwigizaji ni mchimbaji halisi. Haikufanya hivyo. Kushinda kwao ni kwa kiti, meza na kitanda, kwa mchana mmoja.

Kuna siku maigizo yaliwatoka mikononi. Mwaka 1933 ilitimia miaka 50 tangu kufa kwa Karl Marx, na wachimbaji walikuwa wamefanya maandamano wakibeba picha yake iliyochorwa na mmoja wao. Storck na Ivens wakawaomba warudie mbele ya kamera. Kikundi kidogo kikaanza kutembea na picha ile. Watu wakatoka majumbani. Hawakuwa wameambiwa lolote. Waliona wenzao wanapita na Marx, wakainua ngumi, wakajiunga. Mchezo ukawa maandamano kweli, askari wakaingilia kati. Unapotazama sehemu hiyo ya filamu, huwezi kuonyesha kwa kidole ni hatua ya ngapi ambapo waigizaji waligeuka waandamanaji, na nadhani hata wao wasingeweza.

Nisiifanye filamu iwe haina doa. Sehemu mbili zinanisumbua. Mwanzo wake umeunganishwa kwa vipande vya filamu za habari kutoka sehemu nyingine za dunia: maziwa yanamwagwa, ngano inateketezwa ili bei isishuke, askari wa Ambridge huko Pennsylvania, Marekani, wanawafyatulia risasi wagomaji. Hoja ni sahihi, kwamba njaa ya Borinage haikuwa ajali ya kijiji kimoja. Lakini inapita mbio kama hotuba, na tunapofika jikoni kwa mchimbaji tumeshaambiwa cha kufikiri kabla ya kumwona. Mwisho nao unafunga kwa wito wa usoshalisti katika maandishi makubwa ya kwenye kioo. Waliotengeneza waliamini kila neno, nami siwalaumu kwa kuamini. Ninachosema ni kwamba sehemu ya katikati, ya vitanda na vifusi, inabeba hoja hiyo bila msaada.

Tena maandishi yale hayakuandikwa na wachimbaji. Filamu haina sauti, kwa hiyo midomo inafunguka na maneno yanakuja ya mtu mwingine. Wanawake ndio wanaolipa zaidi kwa hili. Wamo kila mahali, mgongoni gunia, mkononi mtoto, mbele ya sufuria isiyo na kitu, na hatujui hata mmoja wao alisema nini kuhusu mgomo ule: kama aliuunga mkono, kama aliuogopa, kama alimwambia mumewe aendelee au arudi kazini. Ujuzi wa kuendesha nyumba bila senti ulikuwa wao, na pengine hata mbinu ya viti ilikuwa yao kabla haijawa ya wanaume.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Brussels mwaka 1934, ilikuwa mbele ya wanachama wa klabu. Kumbi za sinema za kawaida hazikuipata: ilizuiwa kwa umma Ubelgiji na Uholanzi pia. Ikabaki kuzungushwa kwenye vilabu na mikutano. Ivens akaenda Moscow akatengeneza toleo la Kirusi lenye sauti. Storck alibaki nyumbani na miaka mingi baadaye, katika muongo wa 1960, akaitia sauti ya Kifaransa. Kwa hiyo mtu akikuambia ameitazama filamu hii, inafaa umuulize ni ipi.

Kamera ikiwepo siku yenyewe, je, shida inaisha? Marikana, Afrika Kusini, inatupa jibu. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua wachimbaji 34 wa platinamu waliokuwa wamegoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Kamera za televisheni zilikuwepo. Dunia nzima ikaona sekunde zile: kundi la watu linakuja, polisi wanafyatua, vumbi linatulia. Kwa wengi picha hiyo ilikuwa na maana moja, kwamba polisi walivamiwa wakajilinda. Hakuna aliyeigiza, hakuna aliyepanga, na bado picha ilipotosha, kwa sababu ilikuwa kipande. Nusu ya waliouawa, watu 17, hawakupigwa risasi mbele ya kamera zile. Walipigwa kwenye kilima kidogo cha mawe, mbali kidogo, walikokuwa wamekimbilia kujificha.

Rehad Desai, katika filamu yake *Miners Shot Down* ya mwaka 2014, alifanya kazi ambayo kwa nje inaonekana ya kiofisi: aliyapanga matukio ya siku zile kwa mfuatano wake, akitumia pia picha zilizopigwa na polisi wenyewe. Alipoziweka kwa mpangilio, sekunde zile za televisheni zikabadilika maana bila kubadilishwa hata chembe. Borinage ilikosa picha za siku ya tukio ikazirudia kwa maigizo. Marikana zilikuwa nyingi na zikahitaji kupangwa. Katika hali zote mbili ilimlazimu mtu achague na aseme anasimama upande gani. Nikiambiwa filamu fulani ya mgomo haina upande, ndipo ninapoanza kuitilia shaka, kwa sababu kamera lazima isimame mahali, na wanaoruhusiwa kusimama nyuma ya mstari wa askari hawaoni sawa na walio mbele yake.

Liko jambo la mwisho, nalo linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili kwa karibu kuliko Borinage yenyewe. Mtaji uliomiliki sehemu kubwa ya makaa ya Hainaut ulikuwa na makao Brussels, katika Société Générale de Belgique, kampuni kubwa ya fedha iliyoingia kwenye migodi ya Wallonia, yaani kusini mwa Ubelgiji, tangu karne ya 19. Société Générale hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906, kampuni ya shaba ya jimbo la Katanga katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, iliyoijenga Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mdororo uliokata mishahara Borinage ulipofika Katanga, wafanyakazi wa Kiafrika kwa maelfu waliondolewa kazini na kurudishwa makwao. Waliobaki waliishi kambini: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya wamisionari kando ya kampuni. Mchimbaji wa Wasmes angeitambua hesabu hiyo mara moja, ingawa yeye alikuwa na haki ya kupiga kura, na chama, na wakili, na mwenzake wa Katanga hakuwa na hata kimoja.

Mwezi Desemba mwaka 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu na shaba ya Katanga ikihitajika kuliko wakati wowote, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 huko Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, aliuawa pale, na makumi ya wengine pamoja naye. Idadi inabishaniwa mpaka leo.

Hakukuwa na klabu ya sinema ya Elisabethville iliyochangisha fedha. Hakuna daktari aliyechapisha kijitabu Brussels, wala wakili aliyewaleta wapiga picha kwa siri. Hakuna aliyekwenda mwaka mmoja baadaye kuwauliza wajane wanalala wapi.

Picha ilikuja baada ya zaidi ya miaka 30, na ilikuwa ya rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga. Katika miaka ya 1970 mchoraji wa Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 na kumweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian, picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha huko. Moja kati ya hizo ni ya mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière. Tshibumba alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, miaka 6 baada ya risasi zile. Hakuwapo uwanjani. Alisimuliwa na waliokuwapo, kisha akawasimamisha tena kwenye nafasi zao: wafanyakazi upande wao, gavana na askari upande wao.